Salmonela ya Ng'ombe: Kutoka Zizini Hadi Mezani

Mwaka 1888, katika mji mdogo wa Frankenhausen nchini Ujerumani, ng'ombe mmoja aliyekuwa akiharisha alichinjwa kabla hajafa, na nyama yake ikauzwa. Watu zaidi ya 50 walioila waliugua. Kibarua mmoja kijana, ambaye alikula kiasi cha gramu 800 za nyama hiyo ikiwa mbichi, alifariki kabla siku mbili hazijatimia. Daktari August Gärtner aliichunguza nyama ya ng'ombe yule, akauchunguza na wengu wa marehemu. Katika vyote viwili aliotesha bakteria wa aina moja.

Ugunduzi huo ulikuwa na maana kubwa. Siku zile wataalamu wengi waliamini kwamba nyama humdhuru mlaji kwa sababu ya sumu zinazotokana na kuoza. Gärtner alionyesha jambo jingine: kiumbe hai, kidogo kisichoonekana kwa macho, alikuwa ametoka katika mwili wa mnyama mgonjwa na kuingia katika mwili wa mtu. Bakteria huyo leo huhesabiwa katika jamii ya Salmonela.

Habari hii ya zamani ina fundisho lisilochakaa. Mfugaji mwenye ng'ombe mgonjwa huiona mali yake ikiteketea mbele ya macho yake. Akimchinja upesi na kuuza nyama, huokoa fedha kidogo. Akimzika, hupoteza vyote. Jinsi atakavyoamua ni jambo linalogusa afya ya watu ambao pengine hatawaona kamwe. Makala haya yanaeleza bakteria hawa ni viumbe wa namna gani, wanasafiri vipi kutoka zizini hadi mezani, na kwa nini vita dhidi yao haviwezi kushindwa jikoni peke yake.

BAKTERIA WENYEWE

Jina Salmonela limetokana na Daniel Elmer Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani. Mwaka 1885 msaidizi wake, Theobald Smith, alitenga bakteria hawa kutoka kwa nguruwe waliokuwa wakifa kwa homa ya nguruwe. Wawili hao walidhani wamepata chanzo cha homa hiyo. Baadaye ilithibitishwa kuwa homa ile husababishwa na virusi, na bakteria walikuwa wavamizi waliofuatia. Wazo la kwanza lilikosewa, lakini bakteria alikuwa wa kweli na jina likabaki.

Chini ya hadubini Salmonela huonekana kama kijiti kifupi chenye urefu wa mikromita 2 hadi 5. Aghalabu huwa na nyuzi nyembamba kuzunguka mwili wake ambazo humwezesha kuogelea. Huweza kuishi penye oksijeni na pasipo oksijeni. Hustawi zaidi kwenye joto la nyuzi 37 za Sentigredi, yaani joto la mwili wa mtu. Baridi ya jokofu humzuia asizaliane, na hata barafu haimwui kwa hakika. Joto la kuchemka humwua.

Wataalamu wametambua aina zaidi ya 2,500 za Salmonela, na hapana budi mwanafunzi atofautishe makundi mawili. Kundi la kwanza ni la zile zinazoleta homa ya matumbo, kama vile Typhi. Hizo makao yake ni mwanadamu peke yake. Ng'ombe hawezi kumwambukiza mtu homa ya matumbo kwa kuugua yeye mwenyewe. Kundi la pili ni la aina nyingi zinazoishi katika matumbo ya wanyama na kumpata mtu kwa njia ya chakula. Kwa upande wa ng'ombe, aina mbili ndizo mashuhuri: Typhimurium, ambayo huwapata wanyama wa namna nyingi pamoja na watu, na Dublin, ambayo imejizoeza hasa mwili wa ng'ombe.

Mtu aliyekula chakula chenye bakteria hawa kwa kawaida huugua baada ya saa 6 hadi 72. Huumwa tumbo, huharisha, hutapika na kupata homa. Walio wengi hupona kwa siku 4 hadi 7, mradi wapewe maji ya kutosha yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi. Lakini kwa mtoto mchanga, mzee, au mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika, bakteria huweza kupenya na kuingia katika damu, na hapo maisha huwa hatarini.

Katika Afrika kusini ya Sahara, Salmonela za damu zimewaua watoto wengi, hasa wenye malaria, utapiamlo au virusi vya UKIMWI. Mara nyingi watoto hao huwa na homa kali bila kuharisha sana. Ifahamike hata hivyo kwamba ng'ombe hapaswi kubebeshwa lawama yote: uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa nyingi za Salmonela hizo ni za nasaba maalumu za Typhimurium na Enteritidis, ambazo pengine huenea zaidi kutoka mtu kwa mtu.

UGONJWA KATIKA KUNDI LA NG'OMBE

Wanaoathirika zaidi ni ndama, hasa wenye umri wa wiki 2 hadi miezi 3. Ndama hupata homa, hukataa kunyonya, huharisha kinyesi chenye harufu mbaya na pengine damu, kisha hukauka maji mwilini na kufa katika siku chache. Ng'ombe mkubwa hupata homa kali, maziwa hupungua ghafula, naye huharisha kinyesi chenye damu na makamasi. Mwenye mimba huweza kuitupa. Kwa aina ya Dublin, kutupa mimba pengine ndiyo dalili pekee.

Kama hayo yangekuwa yote, kazi ya kuzuia isingekuwa ngumu, maana mgonjwa angeonekana. Tatizo kubwa ni wale wasioonekana. Ng'ombe aliyepona huweza kuendelea kutoa bakteria katika kinyesi kwa wiki au miezi. Katika aina ya Dublin wako wanaobaki wachukuzi kwa miaka, wakila vizuri, wakizaa, na kila mara wakitoa bakteria katika kinyesi na hata katika maziwa. Mnyama wa namna hiyo akipatwa na taabu, kama vile safari ndefu, njaa, kiu au kuzaa, idadi ya bakteria anaowatoa huongezeka.

Kutoka kwa mnyama mmoja ugonjwa humfikia mwingine kwa njia ya kinywa. Kinyesi huchafua maji, majani, ndoo za kulishia ndama na viatu vya mchungaji. Bakteria huweza kuishi katika kinyesi kilichokauka kwa miezi mingi. Panya na ndege huwachukua kutoka banda hadi banda. Chakula cha mifugo nacho ni mlango: mashudu, unga wa mifupa na unga wa samaki huweza kuingiza katika zizi aina ya Salmonela ambayo haikuwapo. Mwisho ni biashara yenyewe. Ndama kumi walionunuliwa mnadani kutoka kwa wafugaji kumi, kisha wakawekwa banda moja, wameletewa magonjwa ya mazizi kumi wakiwa bado na kinga changa.

NJIA YA KUFIKA MEZANI

Nyama iliyomo ndani ya msuli wa ng'ombe mwenye afya kwa kawaida haina bakteria. Huchafuliwa wakati wa kuchinja na kuchuna. Ngozi ya mnyama aliyelala juu ya samadi imejaa vijidudu; kisu kikipita kwenye ngozi kisha kikagusa nyama bila kuoshwa kwa maji ya moto, kimewapandikiza. Utumbo ukitobolewa, kinyesi humwagika juu ya mzoga. Tena Salmonela hujificha ndani ya matezi ya limfu yaliyo katikati ya mafuta, mahali ambapo kuosha mzoga kwa nje hakufiki. Ndiyo maana nyama ya kusaga ni ya hatari kuliko mnofu mzima: mashine huwachukua bakteria wa nje na wa matezi na kuwachanganya hadi katikati ya donge.

Baada ya hapo wakati na joto hufanya kazi yake. Chukua mfano wa kipande cha nyama chenye bakteria 100, kilichotundikwa dukani saa 12 alfajiri. Chukulia kwamba hali ni nzuri kabisa kwa bakteria na kila mmoja hugawanyika kuwa wawili kila baada ya nusu saa. Ikifika saa 8 mchana, saa 8 zimepita, nayo migawanyiko 16 imekamilika. Kila bakteria mmoja amekuwa 65,536, na wale 100 wamekuwa 6,553,600. Nyama inayokaukia hewani haiwapi bakteria hali nzuri kiasi hicho, lakini hesabu inaonyesha kwa nini saa chache za joto ni jambo zito. Wala nyama hiyo si lazima inuke au ibadilike rangi. Pua na macho si vipimo vya Salmonela.

Maziwa yana njia yake. Huweza kuchafuliwa na ng'ombe mchukuzi mwenyewe, lakini mara nyingi zaidi huchafuliwa na kinyesi kilicho kwenye kiwele, mikono ya mkamuaji na vyombo. Kupasha maziwa joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa, huwaua bakteria hawa. Mwaka 1981 watu zaidi ya 600 waliugua kaskazini mashariki ya Scotland kwa kunywa maziwa mabichi. Mwaka 1983 uuzaji wa maziwa mabichi ya ng'ombe ulipigwa marufuku huko. Lakini mashine nayo si hirizi. Mwaka 1985, katika eneo la Chicago, maziwa ya kiwanda kilichokuwa na mitambo ya kupasha joto yaliwaugua watu wengi mno. Wagonjwa waliothibitishwa kwa vipimo vya maabara peke yao walizidi 16,000. Maziwa yaliyokwisha kupashwa joto huweza kuchafuliwa tena yakikutana na machafu.

FUNDISHO LA SWEDEN

Mwaka 1953, wakati wa joto, machinjio ya mji wa Alvesta kusini mwa Sweden yalitoa nyama iliyokuwa na Salmonela aina ya Typhimurium. Nyama hiyo ilisambazwa sehemu nyingi za nchi. Karibu watu 9,000 waliugua, na kiasi cha 90 walifariki. Hayo yalitokea katika nchi iliyokuwa na madaktari, maabara na majokofu ya kutosha kwa kipimo cha wakati ule. Wananchi wa Sweden walitambua kwamba kumwambia mama wa nyumbani apike nyama vizuri hakukutosha.

Kuanzia mwaka 1961 sheria iliweka mpango wa kuzuia ugonjwa huu tangu mwanzo wa mnyororo. Msingi wake ni sahili: chakula cha watu kisiwe na Salmonela, na ili iwe hivyo, mnyama asiwe nayo, na ili mnyama asiwe nayo, chakula chake kisiwe nayo. Viwanda vya chakula cha mifugo hupimwa mara kwa mara, na chakula hupashwa joto kali. Kila Salmonela inayopatikana, kwa mtu, mnyama, nyama au chakula cha mifugo, lazima itangazwe kwa wakuu wanaohusika. Zizi lenye ugonjwa huwekwa chini ya karantini: wanyama hawauzwi wala hawahamishwi mpaka vipimo vionyeshe kuwa limesafika. Machinjioni huchukuliwa sampuli za matezi na za juu ya mizoga.

Hata hivyo sehemu ya mpango huo ambayo wanafunzi wa sayansi huisahau kwa urahisi si ya maabara hata kidogo. Serikali ilikubali kubeba sehemu ya hasara ya mfugaji. Kama karantini ingekuwa adhabu tupu, nani angemwita daktari wa mifugo? Kila mtu angeficha mgonjwa wake au kumchinja usiku. Mfugaji anayejua kwamba hataachwa peke yake na hasara ana sababu ya kusema kweli.

Matokeo yameonekana. Sweden ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995, iliruhusiwa kudai kwamba nyama inayoingia nchini humo iwe imepimwa kwanza, kwa kuwa nyama yake ya ng'ombe na nguruwe yenye Salmonela ilikuwa chini ya sampuli moja katika kila 1,000.

DAWA PEKE YAKE HAZITOSHI

Wengine watauliza: kwa nini ng'ombe wote wasipewe dawa za antibiotiki, mambo yakaisha? Jibu lilipatikana Uingereza katika miaka ya 1960. Ndama wachanga walikusanywa kutoka sehemu mbalimbali, wakasafirishwa na kuwekwa pamoja kwa wingi. Walipoanza kufa kwa Typhimurium, walipewa dawa nyingi, wagonjwa na wazima kwa pamoja. Dawa ziliwaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale sugu. Dk. E. S. Anderson, mtaalamu wa bakteria wa matumbo aliyefanya kazi London, alionyesha kwamba aina moja ya Typhimurium ilienea kwa ndama hao na kuwafikia watu, ikiwa na usugu dhidi ya dawa kadhaa kwa mpigo, pamoja na ampisilini na tetrasaikilini. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba bakteria sugu huweza kumpa mwenzake sifa hiyo kwa kumpitishia kipande kidogo cha vinasaba, hata kama mwenzake ni wa jamii nyingine.

Mwaka 1969 kamati iliyoongozwa na Profesa Michael Swann iliishauri serikali ya Uingereza kwamba dawa zinazotibu watu zisitumiwe ovyo kama kikuzio katika chakula cha mifugo. Sweden ilipiga marufuku vikuzio vya antibiotiki mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukamaliza kufanya hivyo mwaka 2006.

Fundisho hili linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, ambako dawa za mifugo hununuliwa dukani na pengine kuchomwa na mfugaji mwenyewe kwa kukisia. Sindano ya kukisia huweza kuficha dalili bila kumwondoa mchukuzi. Tena maziwa na nyama za mnyama aliyetoka kudungwa hubeba masalio ya dawa, kwa hiyo zisitumiwe mpaka siku zilizoagizwa zitimie.

YAPASAYO KUFANYWA

Mnyororo huu una pete nyingi, na kila pete ina mtu wake.

Zizini: ndama apewe dang'a ya mama yake katika saa za kwanza baada ya kuzaliwa, maana ndiyo kinga yake ya mwanzo. Mnyama mgeni atengwe kwa wiki kadhaa. Mgonjwa atengwe pia, na anayemhudumia ashughulikie wazima kwanza, mgonjwa mwisho. Maji ya kunywa yasipitiwe na kinyesi. Chakula kihifadhiwe mbali na panya. Daktari wa mifugo aitwe mapema, naye aamue dawa kwa kufuata vipimo panapowezekana.

Machinjioni: mnyama akaguliwe akiwa hai, kisha nyama ikaguliwe. Anayeharisha asichinjwe kwa ajili ya chakula. Muhuri wa mkaguzi una thamani, lakini mnunuzi aelewe mpaka wake: jicho la mkaguzi huona jipu na minyoo, haliwezi kuiona Salmonela. Usafi wa visu, maji safi na kutundika mizoga isiguse sakafu ni sehemu ya ulinzi ule ule.

Njiani na dukani: nyama ifunikwe, isafirishwe upesi, na isikae kwenye joto.

Jikoni: maziwa yachemshwe hadi yafure, kisha yawekwe katika chombo safi kilichofunikwa. Uchachu wa mtindi huwapunguza bakteria, ila si kinga ya hakika. Ni salama zaidi maziwa kuchemshwa kwanza, ndipo yagandishwe. Nyama iive hadi katikati, hasa ya kusaga. Ubao na kisu kilichokata nyama mbichi kisikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto, maana nyama itaokwa lakini kachumbari haitapikwa.

Desturi ya kuchemsha maziwa, ambayo kaya nyingi za Afrika Mashariki zinayo, imeokoa maisha mengi bila kutangazwa. Lakini si haki mzigo wote kumwachia mpishi. Yeye ndiye wa mwisho katika mnyororo, na kosa lolote lililofanywa kabla yake humfikia likiwa limekua. Mfugaji wa Frankenhausen alikuwa na ng'ombe mmoja na uamuzi wa siku moja. Nchi inayotaka uamuzi wa namna hiyo uwe mwema haina budi kuufanya uwezekane: daktari wa mifugo awe karibu, maabara ipokee sampuli, na mfugaji anayesema kweli asiwe ndiye anayefilisika.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Eleza kwa nini ng'ombe mwenye afya kwa kuonekana huweza kuwa hatari zaidi kuliko ng'ombe anayeharisha.

2. Bakteria 50 wameingia katika maziwa saa 1 asubuhi. Ikiwa hugawanyika kila baada ya nusu saa, watakuwa wangapi saa 7 mchana? Chora grafu ya matokeo, kisha eleza kwa nini katika maisha ya kawaida ongezeko hilo haliendelei bila kikomo.

3. Kwa nini nyama ya kusaga huhitaji kuiva hadi katikati kuliko kipande cha mnofu mzima?

4. Smith na Salmon walidhani Salmonela ndiyo chanzo cha homa ya nguruwe. Ni majaribio gani yangeweza kuonyesha kwamba wamekosea?

5. Chora mnyororo wa chakula chako cha jana kilichokuwa na nyama au maziwa, tangu zizini hadi mezani. Weka alama mahali ambapo bakteria wangeweza kuingia, kuzaliana, na kuuawa.

6. Mjadala wa darasa: "Mfugaji anayemripoti ng'ombe mgonjwa alipwe fidia na umma." Upande mmoja utetee, mwingine upinge, kila upande ukitumia hoja za kisayansi na za uchumi.